Sura ya Saba ya Bi Mkunga

Wengi wakisikia mwenda pole hajikwai hudhani methali hiyo ilitungwa na mvivu ili ajitetee. Sivyo. Kwenda pole ni kuweka mguu mahali unapopajua, ndipo uinue wa pili. Mwenyezi Mungu mwenyewe hamuumbi mtoto kwa siku moja. Humfinyanga tumboni miezi tisa, kidole kwa kidole. Hayo aliyajua vizuri mjane mmoja, mkunga mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkunga.

Bi Mkunga alikuwa amepokea watoto wa watu kwa miaka thelathini na miwili kabla presha ya macho haijamfungia mlango wa nuru. Hakukaa kulia. Alijiunga na darasa la wasioona, akajifunza kompyuta inayosema. Kila alipogusa kitufe, sauti ndani ya mashine ilimtajia herufi. Kila alipofungua faili, ilimsomea jina lake na maneno yake. Sauti hiyo ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, basi akaipa jina la Kasuku.

Kwa kompyuta hiyo aliandika kitabu cha kuwafundishia wakunga wanafunzi. Kilikuwa na sura kumi na mbili, na kila sura ilikuwa na faili yake. Aliyapanga majina ya faili kama mtu anavyopanga vyombo kabatini: "01 Mimba changa", "02 Chakula cha mama", hivyo hivyo mpaka kumi na mbili. Ile sifuri ya mbele haikuwa pambo. Bila hiyo, kompyuta yake kuukuu ingeitanguliza sura ya kumi mbele ya sura ya pili, naye Kasuku angezisoma shaghalabaghala. Tena hakuhifadhi neno lolote kabla ya kumwuliza Kasuku yuko kwenye faili gani.

Sura iliyomkaa moyoni ilikuwa ya saba, inayohusu mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Alipokuwa mgeni kazini, mama mmoja alimfia mikononi kwa jambo hilo, kwa sababu hakujua afanye nini. Tangu hapo aliomba kwa Mungu kwamba kila msichana atakayevaa sare ya ukunga aijue habari hiyo kama anavyoijua njia ya kwao.

Siku ya mwisho ikafika, nayo ilikuwa Ijumaa. Mchapaji alikuwa amesema maandishi yafike kwake kabla ya saa sita mchana ili kitabu kiwe tayari Jumatatu, chuo kikifunguliwa. Yakichelewa, wanafunzi wangesomeshwa mwaka mzima kwa kitabu cha zamani, ambacho habari ya damu kiliigusa kwa mistari mitatu tu. Daktari aliyekipitia kitabu alikuwa amerudisha karatasi zenye masahihisho ya kalamu, na kalamu Kasuku haisomi. Kwa hiyo Bi Mkunga akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aje amsomee.

Shemeji huyo alikuwa mpigachapa wa mahakama enzi za taipureta. Vidole vyake vilikimbia hata wenzake wakamwita Cherehani. Alifika saa moja asubuhi, miwani puani na utani mdomoni.

"Shemeji, hujambo? Na huyo mgeni wako wa ndani ya sanduku hajambo?"

"Hatujambo sote. Kaa usome."

Akasoma. Bi Mkunga akachapa sahihisho la kwanza, akalisikiliza, akaisikiliza sentensi nzima, akamwuliza Kasuku jina la faili, akahifadhi. Cherehani alikuwa keshapiga miayo mara tatu.

"Ama kweli wewe na Kasuku mnaongea kama wakwe! Kila hatua hodi, kila hatua kuombana radhi. Nipishe kiti nikuoneshe kazi."

"Vidole vyako vilistaafu, Cherehani. Tunahitaji mdomo tu."

Walikuwa wamemaliza sura mbili mlango ulipogongwa. Alikuwa kijana wa nyumba ya pili, anahema kama mvukuto.

"Mama, njoo! Mke wangu uchungu umemkaza, na gari la hospitali halijafika."

Bi Mkunga alishachukua fimbo yake. "Shemeji, usiguse kitu mpaka nirudi," akasema, akatoka ameshikwa mkono.

Nani wa kumwachia fisi bucha? Mlango ulipofungwa tu, Cherehani alihamia kwenye kiti, akamzima Kasuku sauti, akakunja mikono ya shati. Alitaka kumfanyia shemejiye jambo la kumfurahisha. Kibodi ikalia kama mvua ya mawe juu ya bati.

Bi Mkunga alirudi saa nne akitabasamu, maana gari lilikuwa limefika na mama kaondoka salama. Nje ya mlango wake alilisikia gari jingine likiunguruma. Lilikuwa la mkuu wa chuo cha wakunga, mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake zamani.

"Mama, shikamoo. Nimefuata kitabu. Ni mwendo wa saa nzima mpaka kwa mchapaji."

"Marahaba, mwanangu."

"Kazi kwisha!" Cherehani akadakia, kifua mbele. "Sura zote kumi na mbili, masahihisho yote. Flashi hii hapa. Chukua uende!"

Bi Mkunga hakugomba. Alivuta kiti, akamrudishia Kasuku sauti, akavaa vifaa vyake vya masikioni.

"Nipeni nafasi nisikilize mwanzo wa kila sura."

"Shemeji, utatuaibisha! Mimi nina macho mawili, nimeona kila kitu kimenyooka."

"Macho yako nayaheshimu. Masikio yangu nayo yana haki yao."

Akafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Zote zilikuwa salama. Alipofungua faili ya saba, mkono wake ukasimama. Akachomoa vifaa vya masikioni ili wote wasikie. Kasuku akatamka kwa lafudhi yake ya kigeni: "Sura ya nane. Kumnyonyesha mtoto."

Akafungua ya nane. "Sura ya nane. Kumnyonyesha mtoto."

"Ya saba iko wapi?" Bi Mkunga akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Cherehani alivua miwani, akaivaa tena. "Ipo! Lazima ipo. Mimi niliipenda tu ile sura ya saba ilivyopangwa, vichwa vyake na kingo zake. Nikafuta maneno, nikaweka ya nane humo humo ikae vizuri, nikahifadhi. Halafu nikahamia faili nyingine. Sasa ile ya mwanzo... kwenye taipureta ukichomoa karatasi unaiweka mezani, haiendi popote."

"Hapa hakuna meza, mzee," akasema mkuu wa chuo polepole. "Uliandika juu yake."

Mzee wa watu akaketi chini sakafuni kama gunia. "Jamani, nimeua sura!"

Bi Mkunga akarudisha vidole kwenye kibodi. Kila jioni, akishamaliza sala, alikuwa na desturi ya kunakili folda nzima na kuipa nakala jina la tarehe ya siku hiyo. Hakuwahi kumwambia mtu, maana angechekwa. Alishuka katika orodha mstari kwa mstari, Kasuku akizitaja tarehe, mpaka akafika Alhamisi ya jana.

"Sura ya saba," Kasuku akasema. "Mama anayetokwa damu."

"Alhamdulillahi," akanong'ona Bi Mkunga.

Lakini hiyo ya jana haikuwa na masahihisho ya daktari. Mkuu wa chuo akatoka kuzima gari, akarudi kuchukua karatasi. Yeye alisoma, Bi Mkunga akachapa, akasikiliza, akauliza jina la faili, akahifadhi. Hakuna aliyemharakisha. Cherehani alishika saa mkononi na kinywa chake kwa mkono wa pili. Sura ikaisha, zilizobaki zikakaguliwa, zote zikanakiliwa upya kwenye flashi, ikiwa bado dakika tano kufika saa tano. Flashi ilifika kwa mchapaji kabla ya adhana ya mchana.

Jumatatu simu ikaita. Cherehani alikuwepo, amekuja kwa hiari yake kufundishwa namna ya kuzipa faili majina, na Bi Mkunga alikuwa amemfunga kitambaa machoni ili asidanganyike na kioo cha kompyuta.

"Mama, usiseme kitu, sikiliza tu," alisema mkuu wa chuo.

Zikaja sauti za wasichana arubaini darasani, wakisoma kwa pamoja sura ya saba tangu mstari wa kwanza. Bi Mkunga aliinamisha kichwa. Machozi yalimtiririka mashavuni, naye hakuyafuta, kwa kuwa yalikuwa ya shukrani.

"Wamekosea popote?" Cherehani akauliza ndani ya kitambaa chake.

"Wanasoma taratibu, neno kwa neno."

"Basi hawatakosea," akasema yule mzee aliyewahi kukimbia kuliko wote mahakamani. "Sasa nimeamini, shemeji: mwenda pole hajikwai."