Gurudumu la Mzee Mshana

Sikilizeni vizuri, maana nikimaliza nitawauliza.

Huko milimani Upare walikuwapo watu watatu. Nakijwa, mjane wa mhunzi, alijua chuma. Mbazi, mpiga ngoma, alijua mapigo. Mwalimu Elinaja alijua hesabu.

Nakijwa aliishi peke yake. Pa kuzungumza na watu palikuwa mahali pamoja tu: kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Mshana, katika foleni ya wanawake na ndoo zao za mahindi. Siku moja mzee alizima injini, lakini gurudumu lake zito likaendelea kuzunguka, likamkata vidole. Fundi akafunga breki kali, ikavunja mhimili. Akafunga breki laini, ikaungua. Mzee akafunga mlango.

"Mhimili umebaki mmoja," alisema. "Na mtoto sina. Atakayelituliza gurudumu hili bila kulivunja, mashine ni yake."

Wanawake wakahamia kusaga bonde la pili. Nakijwa akawa anapika, anakula, analala, wala hakuna wa kumwambia hata "umeamkaje".

Basi akaenda kulipima gurudumu, ambalo marehemu mumewe ndiye aliyelisubu kwa chuma kilichoyeyushwa. "Chuma kingi kiko ukingoni," alisema. "Kilicho mbali na mhimili ni kikaidi zaidi kusimamishwa kuliko kilicho karibu." Akataja uzito, akataja na umbali.

Mbazi naye akaja, akafunga kitambaa ukingoni. Injini ikawashwa, naye akapiga ngoma kila kitambaa kilipopita, hata akaujua mwendo.

Elinaja akaukokotoa ule ukaidi kwa uzito na umbali wa Nakijwa, akauzidisha kwa mwendo wa Mbazi. "Hii ndiyo momenta ya mzunguko, yaani kiasi cha mzunguko kilichomo gurudumuni," alisema. "Breki iimalize yote, ila pole pole." Akakokotoa ibane kwa nguvu gani na kwa muda gani.

Breki ikabana. Gurudumu likapunguza mwendo, likapunguza, likasimama. Mhimili mzima!

"Bila mwendo, hicho ni chuma kilicholala tu," alisema Mbazi, akiidai mashine.

"Na bila hesabu," alisema Elinaja, "mna namba zisizojuana."

Nakijwa alijua kwamba bila chuma chake hapakuwa na cha kuzidisha. Lakini kilichomtoka ni kingine: "Nyinyi mna watu nyumbani."

Mzee Mshana akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi niliahidi kwa kazi. Sikuahidi kwa upweke."

Kisha akabaki akiugeuzageuza ufunguo wa mashine mkononi, kama mtu ambaye maneno yake mwenyewe yamemchoma.

Mashine haigawanyiki, jamani. Haya, nyinyi mlioketi hapa: ufunguo ule mngempa nani?