Mabwawa Matatu Yasiyo na Mwenyewe

Elisaria alirithi kwa baba yake chemchemi ndogo mlimani na shamba moja bondeni. Chemchemi ilikuwa nyembamba. Maji yake yakiachwa yashuke peke yake yalipotelea njiani, hata nusu ya mteremko hayajafika, kwa kuwa udongo wa pale una kiu. Wala si yeye peke yake. Nyumba arobaini za mteremko ule zilikuwa na chemchemi za namna hiyo, kila moja na yake, na hapakuwa na hata moja iliyoweza kulisha shamba.

Ndiyo maana watu wa zamani walichimba bwawa la pamoja, ambalo wenyeji huliita ndiva. Kila nyumba ilichimba mfereji wa kupeleka maji yake humo. Bwawa lilijaa usiku kucha, na asubuhi mlango wake wa mbao ulipofunguliwa, maji yalishuka kwa kishindo hadi shamba la mwisho kabisa. Bwawa halikuwa na mwenyewe. Halikuwa na mwenyekiti wala mlinzi, na watu walijisifia jambo hilo mbele ya wageni. Penye mlango ulisimamishwa ubao uliochomwa maneno machache kwa chuma cha moto: aletaye maji ana zamu moja kwa wiki, zamu ya mtu hairukwi, Jumamosi wote huzoa tope. Ubao ndio uliotawala, na mashamba yalikuwa ya kijani.

Mwaka huo Elisaria aling'oa maharage na mahindi yote, akapanda tangawizi shamba zima. Bei ilikuwa nzuri, naye alikuwa na mke na watoto wanne. Alijua vizuri kwamba tangawizi ikikosa maji wiki tatu katika miezi ya jua hunyauka, na ikishanyauka haifufuki. Hakuwa na shamba jingine. Maisha ya nyumba yake kwa mwaka mzima aliyafukia ardhini siku ile ya kupanda.

Basi ng'ambo ya korongo wakatokea watu wakachimba bwawa jipya. Hawakubuni kitu. Waliunakili ule ubao neno kwa neno, bila haya, kisha wakaongeza mstari mmoja chini: atakayeleta maji yake hapa atapata zamu mbili kwa wiki, na juu yake kijiti cha kura. Vijiti hivyo vilikuwa vya kuamulia mambo ya bwawa, kila kijiti kura moja. Watu walifurahi kupita kiasi. Hakuna aliyeuliza zamu ya pili inatoka wapi. Ilitoka kwenye maji ya yule atakayehamia kesho, na yeyote aliyetaka kuona angeona, lakini watu wazima, wenye ndevu zao na akili zao, hawakutaka kuona.

Kuhama mlimani ni kazi nyepesi mno. Unachimba mfereji mpya kwa siku moja, unaziba ule wa zamani kwa bonge la udongo lenye nyasi, na maji yameshageuka. Huna haja ya kumuaga mtu. Elisaria alihama Jumatatu. Kwa wiki tatu alimwagilia mara mbili mbili, na kila alipopita kando ya shamba la Nakijwa, mjane wa kaka yake, alikuwa akipiga mluzi. Nakijwa alibaki bwawa la zamani, akisema hana sababu ya kuondoka. Elisaria alimwonea huruma, ile huruma ya mtu anayezuia kicheko.

Mwezi haujaisha, likachimbwa bwawa la tatu. Hilo liliahidi zamu tatu na vijiti viwili. Hapo bwawa la kwanza na la pili, yaliyokuwa yakigombania watu kwa matusi, yakawa ndugu ghafla. Walichinja mbuzi, wakala kiapo kwamba hawatampokea mtu yeyote aliyetoka bwawa la tatu. Mbuzi hajaisha kuliwa, watu wa bwawa la pili walikuwa wameshatuma wajumbe bwawa la tatu kuulizia masharti. Mwezi uliofuata la pili na la tatu ndio ndugu, na la kwanza ndilo adui. La kwanza nalo, ili lisife, likafuta mstari wa juu kabisa kwenye ubao wake na kuahidi zamu nne na vijiti vitatu. Waliokuwa wakiitana ndugu wiki hii walizibiana mifereji wiki iliyofuata, kisha ungewakuta tena kwenye benchi moja, vidole vina mafuta ya nyama, wanapanga kumkaba wa tatu. Na kila mmoja wao alikuwa na neno zuri la kusema kuhusu umoja.

Elisaria alihama mara saba katika miezi mitatu. Hakujiona msaliti. Alijiona mjanja, na jioni alimweleza mke wake hesabu za zamu zake kwa sauti ya mwalimu.

Palikuwa na mtu mwingine, Mrindoko. Huyu hakuwa na chemchemi wala mfereji. Alichokuwa nacho ni mashamba matatu, kila moja limepakana na mlango wa bwawa mojawapo. Alizunguka nyumba hadi nyumba akiwa na mfuko wa sukari. "Kijiti hicho unakifanyia nini, kaka? Kinakaa tu darini. Nipe mimi, chukua kilo mbili." Elisaria alikuwa na vijiti sita, akavitoa vyote, akaona amemzidi Mrindoko akili. Wengine nao wakafanya vivyo hivyo. Siku ya kura Mrindoko alikwenda kila bwawa na mzigo wa vijiti kwapani. Ikapita kwamba kazi ya tope ya Jumamosi ifutwe, maana inawakimbiza wageni. Ikapita kwamba mlango ukifunguliwa, maji yaanze kwa mashamba ya karibu hadi yashibe. Hakuvunja sheria hata moja. Kila kitu kilifuata ubao.

Sasa, mfereji mkavu hunywa. Kila aliyezaliwa mteremko ule anajua hivyo. Ukigeuza maji kuyaingiza kwenye mfereji mpya, siku tano au sita huoni kitu upande wa chini. Udongo unayameza yote, mpaka sakafu ya mfereji ilowe ndipo uruhusu maji yapite. Kwa hiyo kila Elisaria alipohama, maji ya karibu wiki nzima yalizama ardhini. Alihama mara saba. Na nyumba nyingine zote, isipokuwa ya Nakijwa, zilihama kama yeye, nyingine zaidi yake. Mlima ulichanwachanwa kwa majembe. Walijua, nasema walijua, kama ninavyojua jina langu, lakini kila mtu alihesabu maji atakayopata na hakuna aliyehesabu yale aliyoyamwaga.

Jua la mwezi wa nane lilipowaka, mabwawa yote matatu yalikuwa na maji ya kulowesha vifundo vya miguu. Chini ya maji ni tope la miezi mitatu. Mlango ulipofunguliwa, maji yalitoka bila nguvu, yakazunguka katika mashamba ya Mrindoko, yakaishia hapo. Tangawizi ya Elisaria ilianza kuwa njano kwenye ncha. Siku ya kumi ilikuwa njano mpaka shinani.

Asubuhi moja alichukua jembe, akatoka nyumbani kwa hasira. Alikwenda bwawa la tatu akauliza mkubwa ni nani. Wakamwambia hapa hakuna mkubwa, soma ubao. Akaenda bwawa la pili, akajibiwa maneno yaleyale, na aliyemjibu alikuwa anatafuna muwa. Alitaka mtu mmoja tu, mtu mwenye jina na uso, wa kumshika shati na kumwambia umeniua. Hakumpata. Wale wote waliopita nyumba kwa nyumba wakiahidi zamu mbili, zamu tatu, zamu nne, leo kila mmoja alikuwa mtumiaji wa kawaida kama yeye, anasikitika kama yeye. Hasira yake ilikuwa ya haki, na mimi namuunga mkono. Watu wanaokusanya maji ya wenzao kwa jina la wote, kisha siku ya kiu wanasema hapa hakuna mwenyewe, ni watu waovu, na sina neno laini zaidi la kuwaita.

Akamkuta Mrindoko katikati ya tangawizi iliyofika magotini. Mrindoko hakukimbia wala hakugomba. "Bwana Elisaria, mliniletea wenyewe," alisema. "Mimi nilishika tu vijiti vyenu."

Alipofika bwawa la zamani, hapakuwa na mtu mlangoni. Ndani yake alikuwamo Nakijwa peke yake, tope limemfika magotini, anazoa kwa karai. Ilikuwa Jumamosi. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa bondeni, na tangawizi yake ilikuwa imekauka kabla ya ya Elisaria, kwa sababu maji ya nyumba moja iliyobaki hayajazi bwawa la nyumba arobaini. Elisaria alisimama ukingoni akapiga kelele kwamba mlima mzima ni wezi, kwamba maji yameibwa, kwamba atamkata mtu leo.

Nakijwa alimwaga karai lake ukingoni, karibu na miguu yake, ndipo akamtazama. "Shemeji, maji yako nimeyaona yakipita hapa mara saba," alisema. "Hayakuibwa. Uliyanywesha udongo, na ya kwangu ukayaacha peke yake."

Aliinama tena kwenye tope.

Elisaria alipanda mlimani siku ileile, akazibua mfereji wa kwanza kabisa, ule aliochimba baba yake, akageuza maji. Kisha akarudi akaingia bwawani na jembe. Wiki ile walikuja watu watano, baadaye tisa, hawasalimiani, wanazoa. Lakini mfereji ulikuwa umekauka miezi mitatu, ukanywa. Ulikunywa siku sita, siku nane. Siku ya kumi na moja bwawa lilifikia nusu, wakaunyanyua mlango wote pamoja, na maji yakashuka kwa ile sauti waliyokuwa wameisahau.

Yalifika shamba la Elisaria, yakaendelea mpaka la Nakijwa, la mwisho. Yakaenea vizuri, matuta yote, kona zote. Mashina ya tangawizi yaling'oka yenyewe yakaelea, meupe na mepesi. Elisaria aliokota moja akalikunja, likavunjika bila kutoa harufu yoyote. Nakijwa alikuwa amesimama kwenye mpaka wa mashamba yao, mikono imeanguka, anaangalia maji aliyoyangoja tangu mwezi wa sita. Hasira ikampanda Elisaria upya, kali kuliko ile ya kwanza, na safari hii hakuwa na mlango wa mtu mwingine wa kuipeleka.

Na ninyi mlioketi hapa mkitikisa vichwa kwa ajili ya Mrindoko, mwaka huu mmegeuza mifereji yenu mara ngapi, na ni shamba la nani lililokauka chini yenu?