Alichokikataa Mdudu

"Alichokikataa mdudu, usimpe mgeni." Mmeyasikia maneno haya sokoni, wajukuu zangu, nanyi mnataka kujua yalikotoka. Yalianzia huku huku kwetu Upare, namna hii.

Kila asubuhi Naetwe alichuma figiri nyuma ya jiko, kwenye tuta lililotiwa samadi ya mbuzi. Majani yalikuwa na matundu, lakini ndiyo waliyokula nyumbani. Ya shamba la chini, yaliyopuliziwa dawa, yalikuwa ya sokoni.

Siku moja, angali ameinama, akasikia hodi. Wifi yake Nanzia amefika bila taarifa, na mimba ya miezi saba.

Mama Mbonea, mkwe wake, akamvuta Naetwe pembeni. "Mwanangu hali makombo ya viwavi. Kachume shamba la chini."

"Lakini mama..."

"Lakini nini? Nenda!"

Shamba lile lilikuwa limepuliziwa juzi. Naetwe alikuwa ameolewa mwaka huo tu. Kumbishia mkwe hakuthubutu. Alishuka, akasimama mbele ya majani mazima yanayong'aa, yasiyo na hata sisimizi mmoja. Akarudi mikono mitupu, akapika yale yenye matundu.

Bakuli lilipofunuliwa, Mama Mbonea akafoka, "Unaniaibisha mbele ya mwanangu?"

Naetwe akajibu akitazama sakafu, "Mama, kule tulipulizia juzi. Nimemwogopea mtoto."

Nanzia akajivutia bakuli. Kisha akauliza taratibu, "Sasa mama, wale wa sokoni wao wanakula nini?"

Msimu uliofuata samadi ilishushwa shamba la chini, na bomba la dawa likabaki darini. Mavuno ya kwanza yalikuwa haba. Ya pili yakanenepa, na vyura wakaanza kulia tena kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia.

Sokoni wakamcheka kwa majani yake yenye matundu. "Mama Mbonea, siku hizi unauza nyavu?" Naye alitabasamu tu, kwa maana kueleza kungekuwa kukiri. Hadi siku moja binti mwenye mtoto mgongoni aliyaacha majani yake, akaelekea meza ya jirani. Mama Mbonea akasimama.

"Mwanangu, rudi! Miaka yote niliwauzia nisichothubutu kumlisha binti yangu. Nisameheni. Haya mdudu kaonja, nasi tunakula. Alichokikataa mdudu, usimpe mgeni."