Kwa Nini Neno Moja Lina Wenyewe Wengi

Kabla ya watu kuzoea kusafiri, kila neno lilikuwa na nyumba moja na maana moja. Msishangae. Watu walikuwa wachache, na aliyetaka neno la jirani alikwenda kwake, akapewa neno pamoja na maana yake.

Wakati huo, juu ya kilima kilichotazama njia tatu, aliishi mwanamke aitwaye Nyanjige. Yeye na dada yake Kabula walikuwa na neno ambalo hawakumpa mtu mwingine: tala. Maana yake ilikuwa, nipo hapa, njoo. Mmoja akilisema, mwingine alikuja. Kabula alipokufa, Nyanjige aliendelea kulisema mlangoni kila jioni, akitazama njia.

Alitaka jambo moja: kumpata mtu wa kumwachia neno lile na maana yake kabla hajafa. Lakini kilimani kulikuwa na mwiko. Mgeni hakumuuliza mwenyeji jambo lolote mpaka awe amelala kwake siku mbili, na mwenyeji hakueleza jambo asiloulizwa. Wageni wa njia zile walilala siku moja tu.

Mchukuzi wa chumvi alisikia tala huku akipewa kata ya maji. Akaondoka alfajiri, na kwao tala ikawa maji ya kunywa. Mhunzi alilisikia jua likizama; kwao ikawa jioni. Mchungaji alipenda jinsi lilivyofika mbali, akaanza kulitumia kuwaita ndama wake.

Miaka ilipita. Nyanjige alipoona magoti hayamtii tena, aliamua kuvunja mwiko. Alijikongoja hadi gulioni, walikokutana watu wa njia zote tatu.

"Wanangu," alisema, "tala ni neno langu na marehemu dada yangu. Maana yake ni nipo hapa, njoo."

Mwanamke muuza chumvi akacheka. "Bibi, umetoka wapi wewe? Tala ni maji. Mpeni anywe jamani, jua limemchoma."

"Maji gani?" mhunzi mmoja alidakia. "Tala ni jioni. Sisi tumezaliwa tukisema hivyo."

"Basi mmezaliwa vibaya," mchungaji alisema. "Hilo ni neno la ng'ombe."

Gulio zima likaingia katika ubishi. Kila upande uliapa kwa wazee wake. Hakuna aliyemuuliza Nyanjige jina lake, wala jina la dada yake.

Alisogea pembeni, penye mifugo. Akasema kwa sauti ndogo, "Tala."

Ndama mmoja akatoka kundini, akaja akasimama mbele yake. Nyanjige akamwekea mkono shingoni. Walikaa hivyo mpaka mwenye ndama alipokuja kumchukua.

Na tangu siku hiyo neno moja hukutwa katika lugha nyingi, na kila lugha ina maana yake. Wasafiri wakikutana hubishana, kisha hucheka, kisha kila mmoja hurudi kwao akiwa na hakika. Maana ya kwanza haimo katika lugha yoyote kati ya hizo. Nyanjige alipanda kilima jioni ile, akafunga mlango, na hakulisema tena.