Kata Iliyomwonja Mwonjaji

Paukwa!

"Pakawa!"

Nyie, mmeshiba au mnaniitikia kwa heshima tu? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sasa nimesikia watu. Sogeeni. Doto, mguu wako huo, usinikanyagie mahindi yangu hapo motoni.

Hapo kale, vyombo vya nyumbani vilipokuwa na midomo na havina adabu, palikuwa na kijiji kilichopenda pombe ya mtama. Lakini walikuwa na utaratibu wao. Mtungi ukiiva, hauguswi na mtu mpaka mwonjaji aje. Mwonjaji anachota kwa kata ya kibuyu, anaonja, kisha anasema, "Imeiva," au anasema, "Bado." Akisema bado, hata mtemi mwenyewe anarudi nyumbani na kiu yake.

Mwonjaji huyo aliitwa Maduhu. Alikuwa fundi wa kuchonga mizinga ya nyuki, mtu mpole, mcheshi. Mkewe aliitwa Kabula, na mtoto wao, binti mdogo, aliitwa Minza. Kabula aliionea fahari kazi ya mumewe. Kata ile ndiye yeye aliyeiosha, ndiye yeye aliyeipaka mafuta, ndiye yeye aliyeitundika ukutani. Mwanamke mwingine gani alikuwa na mume wa kusubiriwa na mtemi?

Basi mavuno yakaja. Kila nyumba ikapika pombe, kila nyumba ikamwita Maduhu. Na kata ikaimba:

*Onja, Maduhu, onja,*
*tone tu, tone tu.*
*Wewe unanionja mimi,*
*na mimi nakuonja wewe.*

"Inamwonja?"

Ndivyo ilivyoimba! Na watu walicheka. "Maduhu, kata yako ina utani!" Kabula naye akacheka mpaka machozi. Hakuna aliyeuliza inaonja nini.

Mavuno yakaisha. Asubuhi moja Kabula akampa mumewe bakuli la uji. Bakuli likacheza. Uji ukamwagika magotini. Mikono ya Maduhu, ile mikono ya kuchonga mizinga, ilikuwa inatetemeka.

"Mume wangu, una homa?"

"Baridi tu, mama Minza."

Baridi gani? Jua lilikuwa limeshawaka! Maduhu akainuka, akaitungua kata, akachota machicha yaliyobaki mtungini, akanywa. Mikono ikatulia tuli.

Kabula akabaki mdomo wazi. Dawa gani hii? Na palepale mkononi mwake, nawaambieni, kata ikajilamba mdomo, ikasema, "Mikono yake mitamu."

"Mama weee!"

Shikaneni, bado.

Tangu hapo Maduhu hakungoja kuitwa. Akaonja asubuhi ili mikono itulie. Akaonja mchana ili jioni ifike. Akaonja jioni kwa sababu hakulijua la kufanya na jioni. Mizinga ikabaki magogo. Kabula alimsema, alimtukana, alimnunia. "Huna haya! Huna moyo!" Na kata inaimba tu: *tone tu, tone tu.*

Siku ya mvua kubwa Kabula alikwenda msibani, akamwacha mtoto na baba yake. Anarudi, anamkuta Minza nje, ameloa chepechepe, anapiga mlango kwa viganja, analia, "Baba, nifungulie." Kabula akausukuma mlango kwa bega. Maduhu yuko ndani, amekaa kando ya moto, macho wazi.

"Humsikii Minza?"

Maduhu akamtazama. Akasema, "Minza ndiye nani?"

Jamani! Kabula akakaa chini palepale kwenye tope, mtoto kifuani. Na kata ikasema, "Akili yake ni tamu kuliko mikono."

Maduhu alipozinduka akaambiwa alichosema. Alilia kama mtoto. Akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hataonja tena, akaificha kata juu darini. Kabula akafurahi. Kumbe mambo ndiyo kwanza yanaanza! Kesho yake Maduhu anatoka jasho kwenye baridi. Anaona siafu wamejaa ukutani, na ukuta ni mweupe. Jioni akaanguka, mwili unajikunja, povu mdomoni. Kabula akapiga yowe mpaka mganga akaja mbio, bibi mmoja mkali.

"Nani amemwachisha ghafla, tena peke yake?" mganga akauliza. "Mwili umeizoea ile pombe. Ukiinyang'anya kwa mkupuo, unaweza kumuua. Huyu ni mgonjwa. Anataka dawa, na anataka watu wa kukaa naye mpaka mwili utulie."

"Mgonjwa?" Kabula akashika kichwa. "Mimi nilidhani ni kiburi. Nimemtukana msimu mzima!"

"Matusi yako yamemponya?"



Wakamtibu. Akaanza kupata nafuu, hata tezo yake ya kuchongea mizinga akaishika tena. Ndipo wazee wa kijiji wakaja na kofia mikononi, kwa adabu zote. Mtungi umeiva, mwonjaji aje.

"Mume wangu anaumwa," Kabula akasema.

"Tunajua, mwanangu. Aguse ulimi tu. Tutanywaje bila yeye? Tutakuwa tumemvunjia heshima."

Doto, unatikisa kichwa? Enhe, tikisa. Maana Maduhu aligusa ulimi tu. Na kwa mtu aliyefika pale alipofika yeye, tone halikujua kuwa tone. Kabla mwezi haujaandama alikuwa amerudi mtungini kichwa na miguu.

Sasa tumbo likavimba, miguu ikakonda. Macho yakawa ya manjano. Asubuhi moja akakohoa, akatapika damu, damu nyingi, mpaka mkeka ukabadilika rangi. Kabula akaivamia kata.

"Umekula nini tena, mlaaniwa?"

"Ini," kata ikasema, kwa sauti yake ya shibe. "Nimelila polepole tangu siku ya kwanza. Ini halipigi kelele, mama. Mpaka mwenyewe anahisi, mimi nilishakula sehemu kubwa."

Wazee wakaja. Kabula akajua wamekuja kumpa pole. Wakamtazama mgonjwa, wakasikitika kwa dhati. Kisha mkubwa wao akakohoa, akasema, "Mitungi imeiva. Na kazi hii, baba akishindwa, hushika mtoto. Tumekuja kumkabidhi Minza kata."

Kabula akamvuta Minza kwake. Na kata ikaanza, laini, tamu:

*Onja, Minza, onja,*
*tone tu, tone tu...*

"Asionje! Minza, kimbia!"

Tulieni! Minza kanyoosha mkono. Mtoto ataacheje? Wazee wamesema. Ndipo yule maiti wa mkekani akainuka. Maduhu! Akatambaa kwa magoti, tumbo linaburuta, mikono inatetemeka, akaipokonya kata, akaitupa motoni.

Kata ikalia. Na sauti iliyolia motoni, watoto wangu, ilikuwa sauti ya Maduhu mwenyewe. "Ninakufa! Nipeni tone tu!" Wazee wakaganda. Mkubwa wao akavua kofia, akasema, "Kumbe ni sisi tuliokuwa tunampeleka kuliwa."

Tangu siku hiyo walikaa naye kwa zamu, na mganga akaendelea na dawa. Kijiji kile hakina mwonjaji mpaka leo.

"Bibi, alipona?"

Mikono ilipona. Akili ilirudi, jina la Minza alilijua mpaka anaingia kaburini. Ini halikurudi lote. Kilicholiwa kimeliwa, na hakuishi kuwa mzee. Basi shikeni hili: mtu aliyeshikwa na pombe ni mgonjwa, msimcheke, msimtukane, na msimmiminie. Mpelekeni akatibiwe mapema, ini lingalipo.

Mbona kimya? Limi, una nini wewe?

"Bibi, bakuli la baba nalo linacheza asubuhi."

Unasemaje?

"La uji. Akishakwenda nyuma ya ghala, akirudi linatulia."

Baba yako? Mwanangu mimi? Mwanangu, ambaye jana nimemmiminia kwa mkono wangu nikasema anywe, amechoka?

Ee Mungu wangu.

Acheni mahindi. Limi, nipe mkono niinuke. Hapana, mjukuu wangu, simwendei kwa matusi. Nakwenda kukaa naye, na kukicha tunamshika mkono, wewe huku mimi huku, mpaka zahanati. Hadithi naiacha hapa motoni, uongo wake uungue na kata. Ukweli wake unanisubiri ndani.