Ngoma ya Mansia na Miguu ya Don Evaristo

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa nini?

—Sema wewe!

Pakawa kisiwa katikati ya bahari, kisiwa chote miwa. Ukigeuka kulia, miwa. Ukigeuka kushoto, miwa. Ukijikuna mgongo, unatoka na jani la muwa. Na katika kisiwa hicho hakuna aliyeota kama uyoga. Wote walishuka melini. Wote! Lishikeni hilo, maana wapo wenye tabia ya kusahau.

—Tumelishika!

Haya. Meli ya kwanza ilileta mafahali kutoka ng'ambo ya mbali. Wamekonda, mbavu nje, njaa imewakausha. Bandarini wakawakuta binamu zao waliotangulia. Wakaambiwa, "Karibuni, ardhi hii hapa." Meli ya pili ilileta nguchiro kutoka upande wa pili wa mkondo. Nao wamekonda, mbavu nje, njaa imewakausha. Bandarini hawakuwa na binamu. Wakaambiwa, "Karibuni, panga hili hapa."

Njaa ileile, jamani. Bahari ileile. Hata kutapika melini, kulekule! Tofauti ni kile kilichowekwa mkononi siku ya kwanza.

—Lakini fahali hana mkono!

Nani huyo? Kaa chini. Hoja ndogondogo tutazijibu tukimaliza.

Babu wakafa, wajukuu wakazaliwa. Mjukuu wa fahali akaitwa mwenyeji. Mjukuu wa nguchiro, kitovu chake kimezikwa palepale, meno yake yameng'oka palepale, akaitwa mgeni. Akienda dukani kununua chumvi anaulizwa, "Nyie mnarudi kwenu lini?" Yeye anataka chumvi tu!

Basi palikuwa na fahali mmoja aliyeitwa Don Evaristo. Don maana yake bwana mkubwa, na ukiisahau hiyo Don anakukumbusha kwa pembe. Tumbo kama pipa. Shamba lake lilianzia mtoni likaishia pale macho yanapochoka. Na palikuwa na nguchiro jike aitwaye Mansia, mwembamba kama ufito, mama wa watoto wenye njaa ya kudumu. Yeye na majirani zake, kanga na panya, waliachiwa vishamba vya mteremkoni, penye mawe, ambapo hata miwa ilikataa kuota. (Ndiyo, nguchiro, kanga na panya pamoja. Siku za kazi hawakulana. Siku nyingine msiniulize.)

Msimu wa miwa ukaisha. Kiwanda cha sukari kikanyamaza, na kiwanda kikinyamaza, sufuria za wakata miwa nazo hunyamaza. Tumaini likabaki kwenye viazi vikuu, na mbegu za viazi lazima ziingie ardhini kabla ya mvua. Mvua ikikukuta hujapanda, watoto wako watatafuna mabua hadi msimu mwingine. Na mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya kule baharini, meusi, yakinung'unika: guruguru, guruguru.

Wadogo wakafanya walivyofundishwa na babu zao: kombiti. Kombiti ni hivi: leo wote kwangu, kesho wote kwako, keshokutwa wote kwa jirani. Mshahara hakuna. Kuna chungu jikoni, kuna wimbo, kuna ngoma. Mzee Desilyo, mjomba wake Mansia, anapiga: bum-bum-chaka! Majembe yote yanapanda. Bum-bum-chaka! Majembe yote yanashuka. Na Mansia anaongoza wimbo:

"Nani mwenye pembe?"

"Ni yeye!"

"Nani mwenye shamba?"

"Ni yeye!"

"Nani mwenye jasho?"

"Ni sisi! Bum-bum-chaka!"

Ndio kwanza walikuwa wameanza kwa Mama Kanga, Don Evaristo akapita. Akasimama. Akatazama. Akasahau kucheua.

"Wee Mansia! Nani anawalipa hawa?"

"Hakuna, Bwana Mkubwa."

"Msimamizi wao nani?"

"Hakuna, Bwana Mkubwa."

"Mbwa wa kuwafukuza yuko wapi?"

"Hatuna mbwa, Bwana Mkubwa."

"Sasa mbona wanafanya kazi?"

"Tunasaidiana, Bwana."

Don Evaristo akacheka, hooo hooo, mpaka mkia ukamchapa mgongoni. "Kusaidiana! Mimi mjinga? Hakuna kiumbe anayefanya kazi bure. Mimi mwenyewe nimewatumikisha, najua!" Macho yake yakahama taratibu kutoka kwenye majembe yakaenda kwenye ngoma. Yakaganda hapo. "Ahaa," akasema moyoni, lakini moyo wake ulikuwa na sauti kubwa na kila mtu akasikia. "Ni ngoma! Ngoma ina dawa! Hawa wageni ni wachawi, nilijua tangu zamani!"

Akapiga kwato chini. "Sikilizeni! Kuanzia kesho wote shambani kwangu, pamoja na hiyo ngoma. Mtalima shamba langu lote, bure, kama mnavyolimiana. Asiyekuja, ahame mteremkoni."

Akaondoka zake, kwata, kwata, kwata.

Mama Kanga akakaa chini puu! "Tumekwisha! Shamba lake lote? Mvua itatukuta hata hatujafika katikati. Viazi vyetu je? Wanangu je?"

"Na wangu je?" akasema Mansia. Akatazama mawingu. Akatazama mfuko wa mbegu. Akatazama ngoma. "Mjomba, nipe hiyo ngoma."

"Ngoma yangu!" Mzee Desilyo akaikumbatia kama mtoto mchanga. "Niliichonga mwenyewe!"

"Mjomba, hiyo ni gogo na ngozi. Kisiwa hiki hakijaishiwa magogo. Mbegu ndizo zitaoza. Nipe."

Akampa, huku akiguna.

Mansia akaenda mpaka kibarazani kwa Don Evaristo. Akapiga magoti, akavuta kamasi ya uongo, shwii.

"Bwana Mkubwa, umetugundua."

"Nimewagundua!"

"Dawa imo ngomani."

"Imo ngomani!"

"Sasa ya nini kutuita sisi pamoja na ngoma? Chukua ngoma kabisa, iwe yako. Ukipiga tu, kazi inafanyika."

Don Evaristo akainuka haraka, kiti kikabaki kimebanwa matakoni pake. "Lete hapa!"

"Lipo tatizo dogo, Bwana. Ngoma haina macho. Humjua mwenyewe kwa miguu. Lazima isikie miguu yako ndani ya udongo ilikolelewa, yaani vile vishamba vyetu vya mawe. Kishamba baada ya kishamba, mpaka vyote viishe."

"Nitembee tu?"

"Utembee tu. Huku plau ikikufuata nyuma."

"Plau? Nivute plau? Mimi, Don?"

"Nani kasema kuvuta, Bwana? Wewe unatembea. Plau inafuata yenyewe kwa mapenzi yake."

Don Evaristo akafikiri. Kufikiri kwake kulikuwa kazi nzito, masikio yalizunguka. "Sawa. Lakini asinisaidie mtu! Mwingine akivuta na mimi, ngoma itamjua na yeye. Nataka inijue mimi peke yangu!"

"Lo! Bwana Mkubwa, hilo sisi hatukuliwaza," akasema Mansia, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anasema kweli.

Asubuhi Don akaja mteremkoni na plau yake nzuri ya chuma. Wakamfunga nira shingoni. Mzee Desilyo akapiga: bum-bum-chaka! Mguu ukaenda. Bum-bum-chaka! Mguu mwingine ukaenda. Plau ikachana udongo, kwaru-kwaru-kwaru, mawe yakaruka huku na huku kama bisi. Nyuma yake nguchiro wakatupa mbegu, kanga wakafukia, panya wakashindilia.

"Mnafukia nini huko nyuma?" akauliza Don, akihema, fuuu! fuuu!

"Ngoma haipendi mashimo matupu, Bwana!"

"Ahaa. Fukieni, fukieni."

Na Mansia akaongoza wimbo, safari hii kwa mabadiliko kidogo:

"Nani mwenye pembe?"

"Ni yeye!"

"Nani mwenye shamba?"

"Ni yeye!"

"Nani mwenye jasho?"

"Ni yeye! Bum-bum-chaka!"

"Wananisifu," akasema Don Evaristo, jasho likimtiririka puani. "Wageni hawa wameanza kuwa na adabu."

Wakalima cha Mama Kanga, kikaisha. Wakalima cha panya, kikaisha. Wakalima cha Mzee Desilyo, kikaisha. Kila mchana mawingu yakasogea, guruguru, guruguru, na kila mchana miguu ya Don ikazidi kuizoea ngoma. Bum, inaenda. Kimya, inasimama. Bum, inaenda. Hata akiwa kwake anakula, mtu akigonga mlango, ngo! mguu unaruka.

Kikabaki kishamba kimoja tu. Kishamba cha Mansia.

Hapo Don Evaristo akasimama. "Basi!" akasema. "Nimechoka. Ngoma imenijua vya kutosha. Nipeni niende zangu."

Tone la mvua likaanguka juu ya pua ya Mansia, to! Akawatazama watoto wake, wamekaa mstari mmoja juu ya jiwe, wanalamba midomo. Moyo ukamdunda kuliko ngoma. Lakini sauti yake ikatoka laini kama siagi.

"Sawa, Bwana Mkubwa. Kapumzike. Mzee Desilyo, kamwite Punda wa Don aje amalizie."

"Punda?" Masikio ya Don yakasimama. "Punda gani?"

"Yule anayekubebea maji. Kishamba cha mwisho ndipo ngoma hukata shauri. Itakayemjua hapa, ndiye. Lakini hamna neno, Bwana, Punda ni mtu wako. Utakuwa unamwomba tu. 'Mzee Punda, naomba nipigie ngoma kidogo.' Atakupigia. Ana roho nzuri."

"Mzee Punda?" Don Evaristo akanguruma, mawe yakatetemeka. "Punda awe na ngoma, mimi niwe naomba? Dunia itakuwa imekwenda wapi? Punda akae na ndoo zake! Pigeni ngoma! Pigeni upesi!"

Bum-bum-chaka! Akalima kishamba cha Mansia kwa mbio ambazo hazijaonekana kisiwani kabla wala baada. Kwaru-kwaru-kwaru! Mbegu ya mwisho ilipofukiwa, Mansia akaketi chini, akaushika udongo kwa mikono miwili. Mjomba wake akamgusa bega: "Mwanangu, ngoma." Ndipo akakumbuka.

"Hongera, Bwana Mkubwa! Sasa ni yako. Usiivue nira, wala plau usiifungue, ngoma isije ikakusahau njiani. Inama nikuvalishe."

Don akainama. Mansia akamning'inizia ngoma shingoni kwa kamba, ikashuka, ikashuka, ikatulia mbele ya magoti kabisa.

Don Evaristo akaenda mpaka ukingoni mwa shamba lake kubwa. Wadogo wote wakamfuata kutazama. Akavimba kifua. "Sasa mtaona! Nikipiga tu, kazi inafanyika!" Akainua goti, akaipiga ngoma.

Bum!

Wadogo wakasimama kimya. Kanga mmoja akajikuna. Lakini miguu ya Don ilisikia bum, nayo bum ilikuwa inaijua. Mguu ukaenda. Mguu ulipoenda, goti likagonga ngoma. Bum! Mguu mwingine ukaenda. Goti lake nalo likagonga. Bum!

"Hebu," akasema Don. Bum! "Hebu ngo—" Bum! "Ngoja kwan—" Bum-bum-chaka!

Kadiri alivyokwenda, ngoma ilipiga. Kadiri ngoma ilivyopiga, alikwenda. Nyuma yake plau ikafuata kwa mapenzi yake, kwaru-kwaru-kwaru, mtaro mrefu, umenyooka, mweusi, wa kupendeza. Akafika mtoni, akageuka. Akafika kule macho yanapochoka, akageuka. Mvua ikamwagika, pwaaa! Juu ya mteremko mbegu za viazi zikanywa, na watoto wa Mansia wakafungua vinywa wakanywa nao. Chini kule bondeni Don Evaristo alikuwa bado anakwenda, amelowa, ulimi nje, matope mpaka kwenye pembe, lakini uso umejaa furaha.

"Inafanya kazi!" alipiga kelele. "Mnaona, wajinga nyie? Inafanya kazi!"

Na kweli, kazi ilikuwa inafanyika.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo ni kama mdahalo bila majaji. Funzo ni hili, lishikeni vizuri: umaskini unaletwa na uvivu. Ushahidi mmeuona. Siku zile zote, aliyevuta plau alikuwa mmoja tu, naye tajiri. Wale wageni walikuwa wanaimba. Kwa hiyo msiimbe, wanangu. Limeni. Na mkishalima maisha yenu yote mkajikuta bado hamna shamba, basi mjue hamkulima vya kutosha, msiende kuuliza mambo ya bandarini.

—Tumesikia!

Hadithi yangu nimeitua. Ikiwa tamu, mgawieni jirani, na msimuulize anarudi kwao lini. Ikiwa chungu, mpelekeeni Don Evaristo, maana hakupewa nafasi ya kujibu hoja. Mtamwona kwa urahisi. Ni yule anayekwenda.