Ufunguo wa Chupa ya Mwisho

Hapo zamani, na si zamani sana, maana jokofu lenyewe lingali linanguruma, siku ya Jumanne tarehe tisa Juni, saa nne na robo asubuhi, kisahani kimoja cha seli kiliwaka kijani chini ya hadubini, na watu watatu waliokuwa wakisalimiana kwa heshima tangu waajiriwe wakaacha kusalimiana.

Seli zile zilikuwa za Sikudhani. Sikudhani alikuwa msusi mwenye kibanda nyuma ya soko, na alizaliwa na selimundu, ugonjwa unaopinda chembe nyekundu za damu mpaka zinakwama mishipani na mwili wote unauma kama uliotwangwa. Katika maabara ya juu ya kilima walimwambia kwamba wakichukua seli za uboho wake, ule ute wa ndani ya mfupa, wakaziingizia jeni nzima isiyo na kasoro, kisha wakamrudishia, huenda damu yake ikanyooka. Wakamtoboa mfupa wa nyonga. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuweza kukalia kigoda chake cha kusukia. Madaktari wa hospitali wakasema mfupa ule hautatobolewa tena.

Kwa hiyo seli zilizotolewa ndizo hizo hizo, na wasomi wetu walizitumia kama maji ya bomba la jirani.

Kuingiza jeni ndani ya seli ni kazi, kwa sababu seli ina utando, na utando haupokei wageni ovyo. Maabara nyingine huipakia jeni ndani ya virusi walionyang'anywa makali, kwa kuwa virusi wanajua kuingia. Maabara ya kilimani haikutaka kusikia habari hiyo. Virusi huweza kuuamsha mwili ukapigana nao, walisema, na hilo lina ukweli; lakini walilisema huku wamebenua midomo, kana kwamba wenzao wote duniani ni wavivu. "Sisi tunaingia bila virusi," walitamba katika kila mkutano. Walikuwa bado hawajaingia popote.

Ndipo kisahani kikawaka, maana jeni ile ilikuwa imeambatishwa rangi ya kijani inayoonekana ikishaingia na kuanza kazi. Na katika jokofu ilikuwa imebaki chupa moja tu ya seli za Sikudhani. Ikishayeyushwa, haigandishwi tena. Kwa desturi ya maabara ile, kila chupa huwa na mlezi mmoja anayeamua itumiweje, na mwenye seli ndiye anayemtaja mlezi. Mkuu wa maabara, mtu aliyeogopa kukosana hata na paka wa getini, alishuka sokoni mwenyewe, akamkabidhi Sikudhani ufunguo wa jokofu ampe atakayemchagua, akasema ana kikao, akaondoka.

Sikudhani akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Alikuwa akimsuka mteja, kichwa kimefika nusu. Hakunyanyuka. Watatu wakaingia na makoti yao meupe, wakabanana kwenye benchi la wateja.

Wa kwanza alikuwa Daktari Rwegoshora, bingwa wa mafuta.

"Ufunguo ni wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeifunga jeni ndani ya vitone vya mafuta, vidogo hata hadubini yetu haivioni. Utando wa seli nao ni mafuta. Mafuta kwa mafuta hayakataani. Seli ilivimeza vitone vyangu yenyewe, bila kulazimishwa. Bila mimi, jeni ingekuwa mpaka leo iko nje inabisha."

"Ikawaka?" Sikudhani aliuliza.

"Mambo haya yanahitaji muda."

"Nimeuliza ikawaka, Daktari."

Alijibiwa kutoka mwisho wa benchi na Anandumi, msaidizi wa utafiti, binti aliyetafuna kucha zake zote. "Haikuwaka, dada. Daktari alisema seli zimekufa, zimwagwe."

"Kumbe ulishanizika, baba," alisema Sikudhani, akivuta msuko. "Na hukuniletea hata sanda."

Mteja alicheka mpaka chanuo likamdondoka kichwani.

Wa pili alikuwa Bi Zamoyoni, mwenye mashine ya umeme.

"Ufunguo ni wangu, mwanangu. Vitone vya huyu bwana viliingia, sikatai. Lakini ndani ya seli vilifungiwa vifukoni, kama mgeni aliyekaribishwa halafu akafungiwa stoo. Mimi nikapiga umeme. Mshtuko mmoja, kufumba na kufumbua. Tando zikatoboka vitundu, jeni ikatoka stoo ikafika kwenye kiini. Bila mimi ingeozea humo humo."

"Ulijua kwamba ndani mna vitone vyake?"

"Nilijua ni seli."

"Alikichukua kisahani kwenye sinia la vya kutupwa," alisema Anandumi. "Alitaka kuona kama mashine imepona."

"Yaani mlinitupa jalalani, ukaniokota, ukanipiga shoti kujaribu mashine."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Matokeo ni matokeo."

"Na baada ya shoti ukanifanya nini?"

Bi Zamoyoni alirekebisha kola ya koti. "Nilikwenda kunywa chai."

Wa tatu akawa Anandumi, aliyesema kama mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa. "Ufunguo ni wangu. Umeme unaua seli nyingi, dada, na zinazobaki zina majeraha. Mimi nilikikuta kisahani mezani, nikazipa seli chakula kipya, nikazirudisha kwenye kabati la joto, nikazibadilishia chakula kila siku mpaka vitundu vikaziba. Nisingefanya hivyo, leo hawa wasingekuwa na cha kugombania."

"Uliambiwa umwage. Kwa nini hukumwaga? Ulinihurumia?"

Hapo angeweza kusema uongo mtamu. Alitafuta ukucha wa kutafuna, akaukosa. "Hapana. Daktari alitazama mara moja, na kanuni inasema mara mbili. Siwezi kutupa kitu kisichohakikishwa. Nisingelala."

"Kanuni hiyo hiyo inasema kisahani kilichoguswa bila ruhusa kitupwe," Daktari Rwegoshora alidakia. "Umechagua kanuni ya kukufaa. Vitone hujui kutengeneza, mashine hujui hata kuiwasha. Wewe ni yaya wa seli, basi."

"Na mama na baba walikuwa wapi?" mteja aliuliza kutoka chini.

Sikudhani alifunga msuko, akashika mwingine. "Si mfanye wote watatu kwa pamoja?"

Walikubali haraka mno. Bila shaka, alisema Daktari, wenzangu watanisaidia. Bila shaka, alisema Bi Zamoyoni, wenzangu watanisaidia. Anandumi alikuwa akitafuta ukucha tena.

"Haya. Daktari, nikikupa, utafanyaje?"

"Nina mafuta mapya yanayopasua vifuko yenyewe. Umeme wa nini tena?"

"Umeyajaribu?"

"Nitayajaribu kwenye chupa yako."

"Bi Zamoyoni?"

"Nitaingiza jeni tupu, na umeme mkali zaidi. Mafuta yanachafua kazi."

"Anandumi?"

"Nitarudia kila kitu kama kilivyotokea. Vitone, kusubiri, umeme, hata kukaa mezani muda wa chai, kwa sababu hatujui kipi kilisaidia."

"Basi chai yangu nayo ihesabiwe," alisema Bi Zamoyoni papo hapo.

"Lakini vitone ni vya Daktari na mashine ni ya Bi Zamoyoni," Anandumi aliendelea. "Wakininyima, dada, nitabaki na chupa iliyoyeyuka mkononi. Sitaki kukudanganya."

Sikudhani alitazama benchi zima. Mmoja alimwita maiti. Mmoja alimwokota bila kuuliza yeye ni nani. Mmoja alimlea kwa woga. Na mfupa wake ni ule ule mmoja. "Nendeni," alisema. "Mnamzibia mwanga mteja wangu."

Asubuhi iliyofuata alikifunga kibanda, akapanda kilima polepole, akisimama kila nyonga ilipomkata. Katika ukumbi mrefu wa maabara milango mitatu ilikuwa imefuatana. Nyuma ya mmoja mtu alikuwa akisoma hotuba kwa sauti. Nyuma ya wa pili kijiko kilikuwa kikigonga kikombe. Nyuma ya wa tatu palikuwa kimya, ila mtu alikuwa akitembea huku na huku. Sikudhani alifungua pindo la kanga, akautoa ufunguo, akabisha mlango mmoja.

Sasa ninyi mliokaa mkisikiliza, na mifupa yenu mizima, semeni: jeni iliingizwa na mmoja, ikafunguliwa na mwingine, ikahifadhiwa hai na wa tatu. Je, nani alistahili kufungua mlango ule?